Nyuzi Zisizohitaji Mtu

Jumapili, 9 Machi

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni. Fyuu. Kimya kidogo. Fyuu. Kila Jumapili jioni, dansi la alasiri likiisha, na jioni za mazoezi pia, nilikuwa naiacha besi kwenye stendi yake jukwaani, nakimbilia bombani kunawa mikono, na kupitia ukuta wa msala wa ukumbi nilikuwa naisikia: kitambaa kikivutwa juu ya chuma. Sikuwahi kuuliza. Nilijua ni Saa anafuta matoazi ya dramu zake.

Leo Saa hakuja, tukapiga bila dramu. Nilinawa, nikafunga bomba, nikasubiri. Sikusikia kitu ila mvua ya kwanza ya msimu ikipiga bati.

Saa ni jina alilopewa na bendi, kwa kuwa hapotezi pigo hata ukimmwagia maji. Miaka minne amekuwa mpiga dramu wetu, na miaka minne hiyo hiyo amekuwa mtu wangu. Ijumaa nilimfukuza. Nayaandika maneno yetu yote hapa kwa sababu ni machache, yataenea.

“Miaka minne,” nilimwambia, “hujawahi kunitamkia neno hata moja.”

“Neno gani?”

“Ukishauliza neno gani, basi tena.”

Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akamaliza kiatu cha kwanza, akafunga cha pili, bila haraka.

“Unataka niondoke?”

“Nataka mtu anayesema.”

“Haya,” akasema. Akaondoka.

Haya! Mimi kazi yangu ni kusahihisha miswada ya vitabu. Kutwa nzima nawatengenezea watu baki maneno yao. Mtu wangu mwenyewe ananiaga kwa neno ambalo mimi humwambia muuza nyanya akishataja bei.

Jumanne, 11 Machi

Bosi, kiongozi wa bendi, amepiga simu. Saa amepata bendi nyingine mji wa mbali, mkataba wa mwaka mzima. “Hata kuaga hakuniaga vizuri,” Bosi amelalamika. “Kaniambia haya.”

Jumapili, 16 Machi

Mvua toka asubuhi. Tumeletewa mpiga dramu mpya, tumeshampa jina la Radi. Huyu hapigi dramu, anazigombeza. Amevunja fimbo mbili kabla ya mapumziko. Besi na dramu zinatakiwa zitembee kama mtu na kivuli chake. Leo nilikuwa kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Kurasa sitini za kitabu cha ufugaji wa kuku. Nimeweka alama za mkato mia mbili. Sikulia.

Jumapili, 23 Machi

Nyuzi zangu zimeanza kufa. Uzi mpya wa besi ukiuvuta unalia kama kengele iliyo mbali; uzi mfu unasema “bu”, kama mtu aliyejikwaa gizani. Leo zote nne zilisema bu. Bosi alinisogelea katikati ya wimbo.

“Dada, besi yako ina mafua. Ipeleke zahanati.”

Nimeshangaa, maana nilizifunga mwezi wa pili, na nyuzi zangu hukaa miezi mitano, hata sita. Bendi nzima inalijua hilo. Wapigaji wenzangu wanaponiuliza siri yangu huwa nawajibu kwa maringo kwamba siri ni mkono mwepesi.

Jumapili, 30 Machi

Nimefunga seti mpya, aina ile ile niliyoizoea: chuma kitupu, bila kupakwa chochote. Ukumbi ulijaa sauti yake. Kwa saa tatu sikumfikiria.

Uongo. Nilimfikiria kwa saa tatu.

Jumatano, 2 Aprili

Ofisini amekuja mwandishi mmoja kuchukua mswada wake. Akaninyooshea mkono, mimi nikaweka wangu kifuani nikainamisha kichwa. “Dada mcha Mungu sana huyu,” nikamsikia akimwambia katibu.

Si ucha Mungu. Viganja vyangu vinatoka jasho. Si jasho la joto. Ni jasho la wakati wote, la baridini, la usingizini. Darasa la tano mwalimu alilinyanyua daftari langu kwa ncha ya vidole viwili akauliza, “Hili limenyeshewa?” Darasa likacheka, na tangu siku hiyo sijampa mtu mkono kwa hiari. Mezani kwangu naweka leso chini ya kiganja nisilainishe karatasi. Nikimaliza kupiga besi nakimbilia bomba kabla mtu hajanishika kunipongeza.

Saa peke yake alikuwa anaushika. Aliushika barabarani, kwenye foleni ya benki, mbele ya dada yangu, na hakuwahi kujipangusa kwenye suruali baadaye. Nilidhani hakugundua. Mtu asiyesema, nilidhani haoni pia.

Jumapili, 13 Aprili

Nyuzi zimekufa tena. Wiki mbili!

Jumatatu, 14 Aprili

Nimetoka kazini nikaenda moja kwa moja duka la vyombo vya muziki, mwavuli ukichuruzika, nikazitupa nyuzi juu ya kaunta.

“Umeniuzia feki.”

Mwenye duka akazigeuza geuza. “Dada’ngu, zimetoka boksi lile lile unalonunua miaka yote.”

“Zile zilikuwa zinakaa miezi mitano.”

“Labda ulikuwa huzipigi.”

“Napiga kila Jumapili, na mazoezi mara mbili kwa wiki!”

“Basi wewe ulikuwa na malaika.” Akacheka, akanitolea pakiti nyingine. “Chukua hizi zenye utando. Zimepakwa, jasho haligusi chuma. Mwaka mzima unakula raha.”

Nilimwambia nyuzi zenye utando ni za watu wavivu. Nikanunua chuma kitupu tena, nikatoka kifua mbele. Nilipofika nje mvua ikanirudisha kwenye kimo changu.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo lazima niandike taratibu.

Nilikwenda kwa Mama Risasi, fundi wa redio, spika na magitaa. Meza yake iko chini ya ngazi za jengo la maduka. Jina lake linatokana na risasi ya kulehemu waya. Mteja mgeni akimsikia anasema “Niletee risasi” huwa anaanza kutafuta mlango. Nilimpelekea besi nikijua kuna kitu kimeharibika ndani yake kinachoua nyuzi.

Aliuvuta uzi mmoja, akaukwaruza kwa ukucha, akaunusa ukucha.

“Nipe mkono.”

Nikaweka mkono kifuani.

“Sijakuomba salamu. Nimekuomba mkono.”

Nikampa. Akanifungulia kiganja, akaweka kipande cha waya mpya unaong’aa, akanifumba vidole. “Shika hivyo hivyo. Mimi namalizia redio ya watu.”

Alilehemu kama nusu saa huku akinisimulia ugomvi wake na mwenye jengo. Kisha akasema, “Haya, fungua.” Waya ulikuwa umefifia, na mahali vidole vilipoukaza palikuwa na madoa ya kahawia.

“Mkono wa chumvi,” akasema. “Si ugonjwa, na usiinamishe uso. Mimi nimewaona wengi. Lakini chuma kitupu kwako hakimalizi siku kumi na nne, mvua ije isije.”

“Mama, nyuzi zangu zilikuwa zinakaa miezi mitano!”

“Zilikuwa zinafutwa.”

“Na nani?”

Akaniangalia juu ya miwani. “Unaniuliza mimi? Yule mrefu wako asiyesema. Kwani hukujua?”

Nikaukodolea macho waya wenye madoa.

“Kila mwezi alikuwa anakuja kuchukua kichupa cha spiriti. Mara ya kwanza alisimama hapo ulipokaa, akajikuna kichwa mpaka nikataka kumfukuza. Mwishowe akauliza, ‘Mtu mwenye mkono wa chumvi anafanyiwaje?’ Nikamwambia, si mwambie tu afute nyuzi kila akimaliza, moja moja, kutoka juu mpaka chini. Akasema, ‘Kumwambia hapana. Ataona haya.’ Nikamwambia, basi futa mwenyewe. Akasema, ‘Haya.’”

Nilichukua besi yangu nikaondoka. Nadhani sikushukuru. Nilisimama chini ya ukingo wa bati la duka la viatu, mvua imekata barabara yote, na hapo ndipo nikahesabu. Fyuu, kimya, fyuu, kimya, fyuu, kimya, fyuu. Mara nne kila Jumapili. Matoazi hayavutiwi kitambaa kwa mstari. Matoazi hufutwa kwa kuzungusha, Radi nimemwona kwa macho yangu. Sauti ile ndefu ni ya uzi. Besi ina nyuzi nne.

Miaka minne nimesikia nikipendwa kupitia ukuta wa msala, nikadhani mtu anasafisha vyombo vyake.

Jumapili, 20 Aprili

Kabla ya dansi nilifungua mfuko wa pembeni wa begi la besi, ule ambao siutumii. Kulikuwa na kichupa, spiriti imebaki kidole kimoja, na kitambaa kilichokunjwa vizuri. Nilipokikunjua nilikaa chini.

Ni mgongo wa fulana nyeupe niliyomnunulia mwaka wa kwanza. Niliwahi kumgombeza nusu siku kwamba ameipoteza, kwamba hathamini vitu vyangu. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Katikati ya kitambaa kuna michirizi minne ya kijivu kijani, iliyonyooka kama mistari ya daftari.

Radi alipiga kwa nguvu sana leo, nikashukuru. Hakuna aliyenisikia.

Alhamisi, 24 Aprili

Dada yangu, ambaye naishi naye, ameniambia, “Mpigie.”

“Nimwambie nini?”

“Wewe? Wewe unayekosoa hata karatasi ya dawa? Maneno yamekuishia leo?”

Kisha akanionea huruma, akanimenyea chungwa kama mtoto, kipande kwa kipande. Ndipo nilipoona kwamba yeye naye hajawahi kuniambia neno lile. Machungwa amenimenyea maisha yangu yote.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimempigia saa ya chakula cha mchana, kwenye ngazi za ofisi, mgongo ukutani.

“Halo.”

“Ni mimi.”

“Najua.”

“Ulikuwa unafuta nyuzi zangu.”

Nyuma yake nilisikia sufuria, na mtu anaimba vibaya.

“Nani kakwambia?”

“Mama Risasi.”

“Yule mama, mdomo wake haulehemiki.”

Nilicheka, na kicheko kikageuka njiani. Alisubiri. Siku zote alijua kusubiri, nami siku zote nilidhani huko kusubiri ni kutojali.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungeacha kunipa mkono.”

Ngazi zile zina vidato kumi na saba. Nilivihesabu vyote kabla sijaweza kusema.

“Nilikosea,” nikamwambia. “Nilikuwa natafuta maneno. Rudi kwangu.”

Alivuta pumzi. Nikajua jibu, kwa sababu yeye akivuta pumzi hivyo wimbo huwa unafika mwisho.

“Uliniambia nitoke,” akasema polepole. “Nikatoka. Sasa nimeshafika.”

“Kuna mtu?”

“Yupo.”

“Anayeimba hapo?”

“Huyo huyo.”

“Anaimba vibaya.”

“Sana,” akasema, na nikasikia anatabasamu, na tabasamu hilo si langu tena. Kisha akasema, haraka kuliko kawaida yake, “Sikiliza. Usinunue tena chuma kitupu. Vaa zile zenye utando. Zinakaa muda mrefu, hazihitaji mtu.”

Nikasema, “Haya.”

Neno hilo lilikuwa limejaa mpaka juu.

Jumapili, 27 Aprili

Tumepiga. Mvua. Sikumbuki nyimbo.

Jumamosi, 3 Mei

Bosi ametangaza: Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu tunaingia studio kurekodi nyimbo nane. “Na wewe dada, besi yako ikija na mafua, namwita mtu mwingine apige sehemu zako. Nakupenda lakini nakuambia.” Huyu naye neno lile linamtoka kama chafya.

Nimerudi dukani. Mwenye duka hakunicheka. Labda uso wangu ulimkataza. Alinipangia pakiti tatu za nyuzi zenye utando na akanifungia uzi mmoja mmoja kwenye besi za duka nijaribu.

Za kwanza zina utando mnene. Zinadumu kuliko zote, lakini ni kama kushika mshumaa, na sauti yake ni ya mtu aliyejifunika shuka. Za pili utando wake ni mwembamba, umefunika uzi wote baada ya kusokotwa. Kidole kinateleza, sauti ni safi ila imesimama nyuma ya pazia. Za tatu kila waya umepakwa kwanza peke yake, ndipo ukasokotwa. Hizo unahisi mikwaruzo ya chuma kabisa.

“Hizi kidole hakijui kama kuna utando,” mwenye duka akasema.

“Na uzi unajua?”

“Unajua nini?”

“Kwamba haukuguswa.”

Akakuna shingo. “Dada’ngu, mimi nauza tu.”

Sikununua. Nilisimama pale na pakiti ya tatu mkononi mpaka karatasi yake ikalainika, nikairudisha kwa aibu. Nikizifunga hizi, nimekubali ushauri wa Saa. Nikikubali ushauri wake, nimekubali kwamba ulikuwa wa kuagana.

Jumatano, 7 Mei

Nimefunga chuma kitupu, seti ya mwisho iliyokuwa nyumbani. Nitaifuta mwenyewe, kwa kitambaa chake. Nitakuwa mimi na yeye pia.

Jumapili, 11 Mei

Nimefanya jambo baya. Dansi lilipoisha nilikimbilia bomba kwa mazoea, kisha nikakumbuka kitambaa, nikarudi mbio. Nikamkuta Radi ameinama juu ya besi yangu, kitambaa cha Saa mkononi mwake.

“Dada, umekisahau juu ya spika, nikaona nikufutie.”

“Usiguse!”

Radi alikiweka chini kama kitu cha moto, akarudi nyuma hatua mbili.

“Samahani,” akasema. “Nilifikiri unasumbuliwa kama mimi. Mikono yangu inavuja. Ndiyo maana navunja fimbo: zinateleza, nazikaza, nikizikaza napiga kwa nguvu. Najua mnanicheka.”

Nimemcheka miezi miwili, tena kwa maandishi.

Jumanne, 13 Mei

Mvua imepungua. Nyuzi zimeanza kusema bu, siku ya sita, pamoja na kufuta.

Jumapili, 18 Mei

Nilimpelekea Radi nta ya mshumaa. Nikamwambia apake fimbo zake mahali anaposhika, zitagoma kuteleza. Halafu nikasema, mbele ya Bosi na mwimbaji na kila mtu, “Hata mimi mikono yangu inavuja. Toka shule ya msingi.”

Nilidhani dari litaanguka. Bosi akasema, “Ndiyo maana hunipi salamu! Miaka yote nilijua unanidharau.” Mwimbaji akacheka mpaka akakaa. Basi, ikaisha hivyo. Siri ya miaka kumi na tisa imechukua muda mfupi kuliko kufunga begi.

Radi alipiga vizuri leo. Mara mbili tatu tulitembea pamoja.

Baadaye nilibaki jukwaani peke yangu, nikafuta. Fyuu. Nilivuta taratibu, nikafumba macho, nikajaribu kuwa upande wa pili wa ukuta. Haikuwezekana. Sauti ni ile ile, kitambaa ni kile kile, lakini mtu hawezi kujifanyia siri. Na kingine nilikiona nilipofumbua macho: kila nikivuta, mkono wangu wenyewe uliokishika ulikuwa unakilowesha kitambaa. Nilikuwa nafuta jasho kwa jasho. Ndiyo maana zilikuwa zinakufa. Kazi ile ilihitaji mkono mkavu, na mkono huo uko mji mwingine, unamshikia mtu sufuria.

Jumapili, 25 Mei

Siku ya tatu bila mvua. Barabara inatoa mvuke.

Tulirekodi juzi, nyimbo nane, kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Fundi wa sauti aliinua kidole gumba nyuma ya kioo akasema besi ina ngozi nzuri. Sikumsahihisha.

Siku moja kabla nilikuwa nimeshafanya. Alhamisi, mchana, madirisha wazi, dada yangu akiwa kazini. Nilizilegeza nyuzi, nikachukua koleo, nikazikata moja moja. Ta. Kimya kidogo. Ta. Zilikuwa nne, nilizihesabu hata hivyo. Nikafunga zile za tatu, nilizozirudia dukani Jumatano, ambazo kila waya umepakwa peke yake. Zinang’aa kwa namna ya upole. Zitang’aa hivyo mwaka mzima, nikizipenda nisizipende.

Kisha nikakifua kitambaa. Maji yalitoka kijivu mara tatu, ya nne yakatoka meupe, na michirizi ikabaki pale pale. Nilikianika mpaka kikakauka, nikakipiga pasi, nikakikunja kama alivyokuwa anakikunja yeye, nikampelekea Mama Risasi. Ana kapu la vitambaa chini ya meza.

Alikikunjua, akakitazama dhidi ya mwanga, akajua.

“Una hakika?”

“Ni pamba nzuri, mama. Usikiache kikae bure.”

Alikichukua, akafutia ncha ya moto ya chuma chake cha kulehemu, mara moja, na michirizi ikapata doa jeusi katikati. Halafu akaninyooshea mkono wa kuniaga, nami nikampa wangu, bila kuufuta.